Gololi za Jirani Yangu

Nilimwonea wivu, sitaficha. Alitoka bara na spana zake, akatandika gunia ng'ambo ya barabara, papo hapo Mishomoroni nilipotengeneza baiskeli miaka na miaka, na kabla ya mwezi kwisha akanichukulia muuza maziwa wangu.

Muuza maziwa huyo hupeleka mitungi Nyali kwa baiskeli kila asubuhi, kwa hivyo ekseli ya pedeli haimdumu. Mimi nikiifungua, nilikuwa nazimimina gololi zake za chuma kiganjani, zenye madoa natupa, zinazong'aa nazichanganya na mpya. Ndivyo nilivyofundishwa. Yule jamaa alizitupa zote, akatia mpya tupu, saizi moja. Mashauo, nikajisemea. Lakini mteja wangu mkubwa alipenda, na roho iliniuma hadi chai ikanishinda.

Siku moja jamaa hakutandika gunia lake. Muuza maziwa akaja kwangu kwa haya kidogo, pedeli ikigonga ko, ko, kila ikizunguka.

"Gololi zake hizo," nikasema, hata sijaishika.

Nikafungua kwa furaha, wallahi, nikitafuta uharibifu. Sikuupata. Gololi nzima, grisi safi, ekseli haichezi wala haikwami. Kazi ambayo ningetamani iwe yangu. Kilichogonga ni kotapini, kile kipini kinachoushika mkono wa pedeli kwenye ekseli. Kilikuwa kimelegea. Na kipini hicho nilikisugua kwa tupa mimi mwenyewe, mwaka jana, nikakipunguza kupita kiasi. Jamaa alikirudisha tu, akiamini kazi yangu.

Nikatia kipini kipya.

"Ilikuwa nini?" muuza maziwa akauliza.

"Si nilikwambia? Gololi. Alizipanga vibaya."

Akasikitika, akaniambia hatavuka tena barabara. Nilikuwa nimempata mteja wangu, na usiku ule nilikula wali nikashiba.

Asubuhi yake jamaa akavuka yeye, akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Muuza maziwa ameniambia gololi nilizipanga vibaya. Naomba unionyeshe nilipokosea, nisije nikamharibia na mwingine."

Nikamwambia nina kazi nyingi, aje kesho. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na baiskeli hata moja.

"Haya, mzee," akasema, akarudi kwake.