Nyumba ya Wazee Isiyo na Mafiga

Bibi yangu alikuwa amefiwa na watoto wake wote, na macho nayo yalikuwa yamekwisha pofuka, kijiji kilipoamua kumhamishia kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa nafundisha mbali, upande wa Mponde. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kijiji chetu, juu kidogo ya Gare, kilitaka kuonyesha kwamba mzee asiye na mtu ni mzee wa wote. Nia ilikuwa njema. Nia njema inaniudhi tangu hapo.

Alikuja bwana mipango kutoka Tanga, kijana mwenye adabu, akawakusanya wazee awaulize wanataka nyumba ya namna gani. Kwa hilo simnyimi sifa. Nilikuwa likizo, nikasikia kwa masikio yangu.

"Shikamooni, wazee. Je, ndani mngependa jiko?"

Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili cha wazee kilikuwa cha sokoni na harusini. Kupata jiko walikujua: ni kuoa. Wakacheka hadi wakakohoa.

"Mwanangu," akasema mzee mmoja, "kwa umri huu jiko la nini? Hata likija bure hatuliwezi."

Bibi naye alicheka. Kijana akacheka nao, akaenda kuchora nyumba isiyo na jiko. Mafiga hayakutajwa, maana kwetu moto hukaa katikati ya nyumba, na nani huomba nyumba yake iwe na mlango?

Ikajengwa kwa bati na saruji, kuta nyeupe, na ngazi za mawe kwa sababu ya mteremko. Chakula kilipikwa huko chini kijijini, kikapandishwa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tuliugua. Kipupwe kilipoingia, ukungu ulilala humo ndani pamoja na wazee. Nilimpelekea bibi makaa kwenye chungu. Mwenyekiti wa kijiji akanizuia, kwa upole kabisa, kwamba moshi utachafua kuta na kuna wageni wanakuja kuiona nyumba. Nililia kwa hasira njia nzima.

Niliporudi tena, nilimkuta ameketi kitandani, viganja ameviinua mbele yake, anaota moto usiokuwepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kauacha uzimike?"

Nikamwambia kuni zimelowa.

"Basi tungoje zikauke," akasema, wala hakushusha mikono.

Tulimzika kabla baridi haijaisha, na kitanda chake akapewa mwingine.