Nimemsingizia bosi, theluji ikaporomoka

Jamani, hili lisitoke humu. Nitafukuzwa kazi!

Asubuhi Baluku, anayetuongozea watalii mlimani Rwenzori, alinipigia simu ofisini hapa Bugolobi.

"Dada, theluji mpya imejaa mteremkoni juu ya njia, na jua linaichoma. Tupite?"

Bosi alikuwa ameniachia agizo: wapite, wageni wanataka kilele.

Nikajibu: "Bosi amesema mrudi."

Uongo mtupu!

Saa sita Baluku akapiga tena, akipaza sauti: "Dada, imeporomoka yote! Pale pale! Sisi tuko kambini, wazima!"

Nililia, jamani.

Kisha wageni wakampigia bosi kumshukuru. Akapokea shukrani zote, akanigeukia:

"Eti mimi nilisema nini?"

Nimejificha chooni. Nimwambie ukweli?

Msijibu hapa, bosi asije akaona. Nibipuni mara moja, nitatoka nje ya geti niwapigie.