Sufuria ya Kuku wa Kukhu

Harufu ya kuku wa kienyeji anayechemka polepole hunirudisha kwenye jiko letu dogo mtaani Kileleshwa, muhula ule nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alipotutembelea. Alitoka magharibi mwa nchi na jogoo ndani ya katoni iliyotobolewa matundu, akamchinja mwenyewe nyuma ya jengo huku majirani wakichungulia kutoka roshani. Tulikuwa na friji mpya, ndefu kuniliko, na mama aliringa nayo kweli. Alitufundisha kwamba chakula kilichobaki hakilali nje: kigawanywe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kifunikwe, kiwekwe ndani. Maharagwe aliyahifadhi kwenye mikebe ya aiskrimu, na ole wako uliyeifungua kwa tamaa.

Jumapili hiyo tulikula mchana tukashiba, na nusu ya sufuria ikabaki. Nilimwona mama akitoa vyombo vyake kabatini, akamtazama Kukhu aliyeketi mlangoni pa jikoni, kisha akavirudisha. Kwa kina Kukhu, kumfungia frijini kuku aliyeletwa na mama mkwe, tena akiona, ni kama kumwambia hamna haja naye. Kuku wa namna hiyo hukaa mekoni akimngoja yeyote atakayeingia. Basi sufuria ikashinda pale, jua likipiga dirishani, na mama akaiingiza kwenye friji Kukhu alipokwenda kulala.

Kesho yake, tukiwa shuleni, mama alimpashia Kukhu moto paja alilokuwa amemwekea kwa heshima. Tuliporudi walikuwa hospitalini, Kukhu akitapika na kuhara. Jioni baba alinipeleka, nikamkuta Kukhu ametundikiwa maji, amenywea, midomo imemkauka. Niliogopa kwamba atakufa.

“Nisamehe, mwanangu,” Kukhu alimwambia mama. “Huenda yule jogoo alikuwa mgonjwa, na mimi nikawaletea.”

Mama alimvutia blanketi vizuri. Akamwambia apumzike. Nilisimama miguuni pa kitanda nikijua habari ya sufuria, na nikaona haya kwa niaba ya mama, haya iliyonichoma kuliko yangu mwenyewe.

Kukhu alipona akarudi nyumbani. Aliendelea kutujia na njugu, ndizi na unga wa wimbi, lakini kuku hakuleta tena. Kila alipofungua mfuko wake, mama alijipa shughuli kwingine. Kukhu alifariki akiamini kosa lilikuwa la jogoo wake.

Siku hizi mwenye friji ni mimi, katika mtaa uleule, na mama ndiye mgeni anayekuja na kuku. Majuzi, tulipomaliza kula, mke wangu alisimama na sufuria mkononi, akimtazama mama kwa jicho nililolijua. Mama akainuka, akaomba vyombo, akamgawa kuku wake mpaka kipande cha mwisho.

“Weka sasa hivi nikiona,” alimwambia mke wangu. “Mimi sitakasirika. Hata Kukhu hangekasirika. Ni vile tu sikumuuliza.”