Chupa ya Jamu ya Mama Veturia

Mama Veturia, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, anamsimulia kila anayepanda ngazi za jengo letu kwamba mumewe alilia mbele yangu, na mimi nikawa namtazama tu huku naandika kwenye daftari.

Anasema hata kalamu haikutetemeka mkononi mwangu.

Hapo kwenye kalamu amenionea. Mengine ni kweli, ila hajui yote.

Naitwa Ilinca, niko mji wa Cluj, mtaa wa Mănăștur. Shule niliishia ya msingi. Kubuni programu za simu nimejifunza mwenyewe: vitufe vikae wapi, maandishi yasemeje, ili mtu asipotee. Miaka mitatu naomba kazi. Wachache walijibu wanataka digrii. Wengi walinyamaza.

Mama yangu aliharibu mgongo huko Italia akiogesha wazee wa watu. Tiketi ya basi ya kwenda kushika nafasi yake nilishaibandika kwenye friji. Safari ni Jumapili.

Jumatano, kampuni kubwa ya teknolojia ikaniita kwenye usaili.

Msaili, dada mmoja anaitwa Ligia, akanieleza mtihani. Ataingia mtu wa kawaida, apewe simu yenye programu yao mpya ya kulipia bili. Mimi nitazame anakwama wapi, niandike. Kumsaidia marufuku, maana ukimsaidia hutajua ubovu uko wapi.

Kutazama? Nikajiambia hapo ndipo ninapopaweza.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee Gavrilă, mume wa mama Veturia, kavaa suti yake ya Pasaka.

Nikainamia daftari.

Huyu mzee macho yalipoanza kumchoka, nilimchorea simu yake kwenye kadibodi: vitufe vikubwa kwa kalamu nyekundu, kila hatua na namba yake. Anatembea nayo mfukoni kama kitambulisho.

Akabonyeza. Programu ikamrudisha mwanzo. Akabonyeza tena, vilevile. Akapapasa mfuko wa koti, akaacha. Mara ya nne akanigeukia.

"Ilinca, mwanangu, hapa nibonyeze wapi?"

Nikaandika: kitufe cha kurudi kimebanana na cha kulipa.

"Mwanangu, nimewaharibia simu yao?"

Machozi yakamtoka. Nikaandika na hilo.

Ligia akanigeukia, akauliza taratibu, "Mnafahamiana?"

Kichwani niliona basi. Nikisema ndiyo, watasema mtihani umeharibika, nirudi nyumbani, na Jumapili ndiyo hiyo.

"Hapana," nikasema. "Labda amesoma jina langu kwenye hii kadi kifuani."

Mzee alinitazama. Akaiweka simu mezani polepole, akaaga kwa heshima, akatoka.

Ligia akasoma daftari langu, akasema hajawahi kuona mtu anayetazama hivi. Nikaanza kupumua.

Kisha akavuta droo. Akatoa chupa ya jamu ya plamu, kifuniko kimefungwa kitambaa cha mirabaraba. Chupa za mama Veturia nazijua hata nikifumba macho. Kwetu huendi kumwombea mtu kazi mikono mitupu.

Chini ya chupa kulikuwa na kadibodi yangu. Kumbe mfukoni alikuwa anaitafuta hii, kasahau ameshaiacha kwa Ligia.

"Aliona tangazo letu la kutafuta wastaafu wa kujaribu programu, akajiandikisha ili aje akusemee," Ligia akasema. "Kadibodi hii ilinitosha, Ilinca. Nafasi ilikuwa yako. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, uniambie, namjua huyu, nileteeni mwingine."

Nikaanza kujieleza. Akatikisa kichwa.

"Kazi yetu ni kusema tulichokiona, hata kikituumiza. Hayo mengine ningekufundisha."

Akanikabidhi kadibodi. Jamu alibaki nayo, alisema hiyo alipewa yeye.

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa umebanwa kama nilivyobanwa: usimkane aliyekushika mkono ili uonekane umefika mwenyewe. Mlango unaoukimbilia, huenda yeye alishakubishia hodi.

Leo Jumamosi. Nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, begi langu liko tayari chini. Kesho naenda kuogesha wazee nisiowajua, na huyu ninayemjua nilimwacha alie.

Ndani nasikia redio. Nimebisha.

"Mzee Gavrilă, ni mimi, Ilinca. Kadibodi yako ninayo. Nifungulie nikurudishie."

Redio imezimwa.