Namba Niliyoificha kwa Marehemu

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize. Mimi sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, hapa Shelui, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza, Mwajuma. Sikuwahi kumwona zaidi ya picha yake pale sebuleni, lakini nilimwonea wivu jamani, wivu wa kukosa usingizi. Nikipika, mume wangu: "Mwajuma alikuwa haweki nyanya nyingi." Nikifagia: "Mwajuma alikuwa anaanzia uani." Utashindana vipi na marehemu? Yeye hakosei tena!

Nikawa nauza kuku kwa madereva wa malori, hela naziweka kwenye simu kimyakimya. Nilitaka bati, nijenge kwangu, nitoke chini ya ile picha. Namba ya siri ilikuwa inanitoka kichwani, basi nikaihifadhi kwenye simu hiyohiyo kama namba ya mtu. Tarakimu nne za mwisho ndiyo yenyewe. Jina nikaandika Mwajuma. Nani atampigia marehemu? Nikajiona mjanja kweli.

Wakati huo Zuhura, binti wa Mwajuma, alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, kule Nduguti, amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mume wangu akaniomba nimsaidie. Nikamwapia sina hata senti. Mtoto wa yule? Thubutu!

Siku ya tatu baada ya kiapo hicho nimefuata simu yangu kibanda cha kuchajia, akaja mwanamke amejitanda kanga hadi puani, mkononi ana kovu la kuungua. "Mdogo wangu, naomba simu nimbipu mama yangu, yuko Nduguti." Nikampa. Akabonyeza weee, halafu akacheka kidogo. "Kumbe umeniweka humu," akasema. Sikumwelewa. Akanirudishia simu, nikainama kuangalia chaji. Kuinua macho, barabara tupu.

Simu ikalia, ujumbe umeingia. Hela yote imekwenda kwa bibi yake Zuhura.

Nikakimbia nyumbani, nikaisogelea ile picha. Kanga ileile. Mkono ameulaza mapajani, na kovu lilelile. Niamini, nilikaa chini palepale.

Jioni mume wangu akaingia analia. Bibi alikuwa amempigia simu. Akanishika mikono yote miwili, hajawahi kunishika vile. "Ahsante mke wangu. Umefanya kama ambavyo angefanya Mwajuma mwenyewe."

Nikazipokea shukrani. Nimwambie si mimi?

Zuhura alirudi shule, leo ni nesi, na ananiita mama. Bati sikununua, bado naishi chini ya picha. Mtu akiniomba simu, kwanza namtazama mkono. Nawe unayenisikiliza, namba yako ya siri ikae kichwani. Usiiandike kwenye simu, usiifiche kwa jina la mtu, awe hai, awe kaburini. Wangu mimi, Mwajuma, alichukua hela, na sifa akachukua yeye pia.