Uso wa Mama Mkwe

Kwetu mlimani Meru mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona njiani, huingia migombani mpaka apite. Mimi nilioa kwa Waarusha, upande wa Oldonyo Sambu, na huko sheria ilikuwa hiyohiyo, ila migomba ya kujifichia haikuwepo. Basi niliinamisha kichwa tu, nikaijua miguu ya ukoo mzima.

Nilikuwa mchongaji. Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao Arusha, na mmoja wao aliniagiza sanamu ya bibi kizee ya kupeleka kwao. Nikatafuta gogo la mringaringa, nikachonga bibi yeyote tu, asiye wa mtu. Nilipoipitisha sokoni, wanawake waliacha kuuza.

"Huyu si mkweo?" akauliza mmoja.

Nilitaka kukana, lakini ningekanaje sura ambayo nilitakiwa nisiijue?

Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika ukweni. Mke wangu alikuwa huko kusalimia, na baba yake akamzuia. "Aliyechonga ameona," alisema mzee. "Aliona lini?" Macho hayana pazia, lakini hiyo si methali ya kumwambia baba mkwe. Sanamu niliitia motoni, Mjerumani akabaki bila bibi. Nilipeleka kondoo jike na kibuyu cha asali, nikaapa kwamba sitachonga tena uso wa mtu. Wakavipokea vyote, na mke wakabaki naye.

"Tutakutazama kwanza," mzee akasema.

Nyumba bila yeye ilikuwa baridi, na mikono iliniwasha. Nikaanza kuchora kwa mkaa juu ya ngozi ya mbuzi: mistari mitupu, isiyo na jicho wala pua. Jirani akiuliza ni nini, nasema si kitu.

"Si kitu, na umekikalia tangu asubuhi," ananijibu.

Nikaona nimepata kazi isiyoweza kumkosea mtu. Nilichagua ngozi iliyonipendeza kuliko zote, nikaenda nayo ukweni iwe ushahidi.

Wazee waliigeuza juu chini wakitafuta uso. Hawakuuona, nami nikaanza kupumua. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa ndani nyuma ya ukuta, akataka apelekewe. Akaipapasa mstari kwa mstari.

"Huyu ni mimi," akasema.

Mzee akauliza pua iko wapi.

"Pua ya nini? Hii ni mikunjo yangu, na huu ni uchovu wangu. Nimekaa na wewe tangu ujana wangu, hujawahi kuuona." Kisha akamwita binti yake. "Funga mzigo wako, mwanangu, urudi kwako. Anayeniona hivi akiwa ameinama, wewe hatakosa kukuona."

Nilikuwa nimechora makorongo ya Oldonyo Sambu baada ya mvua. Nikauchukua mzigo wa mke wangu, mzigo ambao mwanamume wa kule habebi, nikauweka begani mbele ya wazee wote, na makorongo sikuyataja.