Likizo ya Kiti cha Nyuma

Jackton Odhiambo aliijua Riyadh kwa pakingi zake. Ukimtajia lile jumba refu lenye tundu kileleni, atakuambia pakingi yake ya chini ya ardhi ina baridi nzuri na mlinzi wake ni Mganda mcheshi. Ukimtajia Diriyah, mji wa kale wa udongo ambako watu hutoka kila pembe ya dunia kuja kupiga picha, atakuambia kivuli kiko upande wa mitende, ila ufike mapema kabla madereva wengine hawajakimaliza. Je, huko ndani kukoje? Hapo atacheka na kujikuna kisogo. Ndani waliingia bosi, madam na watoto. Kazi yake yeye ilikuwa kuwafikisha mlangoni, kugeuza gari lielekee njia ya kutokea, na kungoja simu.

Wajomba zake kule Bondo hawakuyajua hayo. Kwao, mtu aliyeko Saudia anazunguka tu akila maisha, na picha alizotuma, akiwa ameegemea gari kubwa jeusi, ziliwathibitishia. Aliwaacha waseme. Mtu mzima na akili zake atawaelezaje wajomba kwamba amefika Ukingo wa Dunia, ndivyo unavyoitwa ule mwamba mrefu nje ya mji, penye jangwa lililolala chini hadi macho yachoke, na kwamba alichokiona yeye ni matako ya gari lililoegeshwa mbele yake?

Aliyejua ni mkewe peke yake. Selipher alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, katika jumba moja la Al-Hamra, karibu na bahari. Yeye ndiye aliyetangulia kuja, na Jackton akamfuata mwaka uliofuata kwa furaha ya mtu asiyetazama ramani. Wakala wa Nairobi alimwambia, "Saudia ni moja," naye akadhani Riyadh na Jeddah ni kama Kisumu na Kakamega, kwamba Ijumaa atapanda gari na jioni atakunywa chai na mke wake. Kumbe kati yao kulikuwa na jangwa la kutwa nzima barabarani. Basi akazoea. Alizoea joto, akazoea maduka kufungwa saa za swala, hata kahawa yao nyepesi ya iliki akaipenda. Lakini kukaa nchi moja na mke wako usimwone mwaka wa kwanza, wala wa pili, na wa tatu nao ukaanza, hilo halizoeleki.

Kwa hiyo wakawa wanatembea kwa simu.

"Leo tuko wapi, Baba Shirleen?" Selipher aliuliza kila Ijumaa, kwa sauti ya chini ili madam asisikie. Shirleen alikuwa binti yao, aliyebaki Bondo kwa nyanya yake.

"Leo tuko museum. Mimi niko pakingi."

"Ndani kuna nini?"

"Wewe unaonaje?"

Hapo Selipher, huku akikunja nguo za watu, aliijenga museum yote. Aliweka vitanda vya wafalme vyenye vyandarua vya hariri. Aliweka chumba kizima cha manukato, ambacho ukiingia unatoka ukinukia juma zima. Jackton alifumba macho kwenye usukani akamfuata chumba kwa chumba, na mara nyingine aliona kabisa kisigino chake kikipotelea kwenye mlango wa mbele. Kisha kioo kiligongwa, bosi amerudi, na museum ikafungwa.

Walitembea hivyo kwa muda mrefu. Halafu Selipher akaanza kuchoka, na majibu yakafupika. Haya. Sawa. Tutaongea. Siku moja Jackton alimwomba amsalimie mama akipiga simu nyumbani, na Selipher akajibu, "Hadhir." Ndivyo wafanyakazi wanavyowajibu mabosi huko: nimesikia, natii. Hata hakujua kwamba amelitamka. Jackton aliirudisha simu mfukoni, akaiweka mikono juu ya usukani wa gari lililozimwa. Aliogopa. Aliogopa kwamba siku watakayokutana, atakayekuja hatakuwa mke bali mfanyakazi wa mtu, na atakayempokea hatakuwa mume bali dereva wa mtu. Watasalimiana kwa adabu, na yatakuwa yameisha.

Bahati yao ilitokea Australia, usicheke. Kifungua mimba wa bosi alikuwa akisoma huko, madam akamkumbuka hadi akakonda, na mwishowe familia nzima ikafunga masanduku kwenda kumwona na kupiga picha na kangaruu. Pale uwanja wa ndege bosi alimpiga Jackton begani. "Wewe pia pumzika. Ikama yako ya ukaazi si unayo? Yalla, nenda kaone bahari." Jackton akampigia simu Selipher hapo hapo, akiwa bado amesimama kando ya vigari vya mizigo. Selipher akamwendea madam wake kwa magoti ya moyo, akapewa Ijumaa moja, baada ya Alasiri mpaka Isha. Kesho yake familia ya Al-Hamra ilikuwa inahamia Taif kukimbia joto, na yeye pamoja nao. Jioni hiyo moja ikipotea, hapakuwa na nyingine.

Jeddah ilimpokea Jackton kwa hewa nzito yenye chumvi, shati likamganda mgongoni kabla hajaushusha mkoba. Alifikia Al-Hindawiyah kwa Brayo, mlinzi wa ghala, kijana wa kwao aliyeongea sana na kupika vibaya. Alhamisi akatoka kwa miguu kwenda Balad, mji wa kale. Alitembea kama mtu aliye usingizini. Nyumba za mawe ya matumbawe zilisimama zimeinamiana kama wanawake wanaonong'ona, na madirisha yao ya mbao, ya kijani na ya buluu, yalitokeza nje yakakaribia kugusana juu ya kichochoro. Paka walilala vizingitini. Nyuma ya wavu wa dirisha moja alihisi kuna mtu anayemtazama, na kwa muda wa pumzi moja alikuwa na hakika kwamba mtu huyo anakunja nguo.

Nyumba moja ilikuwa wazi kwa wageni. Mlinzi wake, mzee wa Kiyemeni, alimwashiria kwa mkono. "Tafadhal, ingia."

Jackton alifika kizingitini, miguu ikagoma. "Hapana, baba," akasema. "Namngoja mtu."

Akarudi nyuma, akasimama mahali ambapo gari lingeegeshwa kama lingekuwepo.

Brayo alipoyasikia alicheka mpaka akaangusha mwiko. "Buda! Umetoka Riyadh kuja kusimama nje ya mlango? Na kesho je, bibi akikuja utamsimamia nje pia?"

"Wewe nipatie tu gari."

"Gari chukua. Lakini kioo cha nyuma hakishuki, usikilazimishe. Na uoge, jamaa. Hiyo si interview, ni bibi yako."

Ijumaa Jackton alioga mara mbili. Aliipangusa Corolla kuukuu ya Brayo nje na ndani, akakung'uta kiti cha nyuma, akaweka hapo chupa ya maji na boksi la tishu. Walikuwa wameagana kukutana kwenye chemchemi, ile inayorusha maji angani kutoka baharini, inayoonekana kornishi yote, ile barabara ya ufukweni. Akafika mapema. Akageuza gari likaelekea njia ya kutokea, akaacha injini ikinguruma ili ndani kuwe na baridi, akashika usukani. Akangoja.

Watu walipita. Familia zilitandika mikeka kwenye nyasi, zikafungua birika za chai. Maji ya chemchemi yalipanda meupe, yakasita huko juu kana kwamba yamesahau kilichoyapeleka, yakaanguka polepole yakiwa ukungu. Jackton aliyatazama kupitia kioo cha pembeni. Alikuwa katika ile hali yake ya Ijumaa, macho nusu wazi, akili imekwenda matembezini. Alimwona Selipher akivuka barabara na kiatu kimoja mkononi. Alimwona akicheka. Mara akashtuka, kwa kuwa jua lilikuwa limeteremka na hakuna mtu aliyevuka kitu.

Alimpigia simu, ikawa imezimwa. Akampigia Danson, dereva wa familia ya Selipher, Mkamba aliyejua kila kinachoendelea Al-Hamra.

"Nilimdrop hapo kitambo, bro," Danson akasema. "Simu yake ilimalizwa charge na watoto, games tu. Si mko pamoja?"

Selipher yuko hapa, na jioni inakwisha! Mbona haji? Jackton akageuka kutazama huku na huku, mkono wake ukiwa bado kwenye usukani, na alipouona mkono huo akaelewa, akajionea haya. Miaka yote hii watu ndio waliokuja kwenye gari. Hajawahi kumwendea mtu. Alikuwa amekaa hapa akimngoja mke wake aje agonge kioo, kama bosi. Na Selipher, miaka yote hii, huitwa. Popote alipo sasa, amesimama wima akingoja sauti imwite jina.

Alizima gari. Alishuka. Miguu ilikuwa mizito mwanzoni, kisha ikakubali.

Wanawake wengi walivaa nguo nyeusi, na kwa mbali wote walifanana. Alijiuliza kitu kimoja tu: mfanyakazi wa nyumbani akifikishwa kornishi, mwili wake unampeleka wapi wenyewe? Akafuata kelele za watoto. Kwenye bembea, kando kabisa, alimwona mwanamke ameegemea mguu mmoja, ule wa kushoto, kama Selipher alivyosimama siku zote akingoja maji yachemke. Alikuwa anasukuma bembea. Juu yake kulikuwa na mtoto wa kike asiyemjua, na mama wa mtoto huyo alikuwa mbali kwenye mkeka, anakula mbegu, hata hageuki kutazama ni nani anayemsukumia mwanawe.

"Mama Shirleen," Jackton akaita.

Mkono wa Selipher ukabaki hewani, na bembea ikarudi ikampiga tumboni.

"Baba Shirleen. Nilikuwa nangoja uniite."

"Na mimi nilikuwa nangoja ugonge kioo."

Walipeana mikono, kwa adabu, vilevile alivyokuwa ameogopa. Alikuwa amekonda mashavuni. Vidole vyake vilikuwa vikavu kwa sabuni. Wakatembea kuelekea garini, hatua moja kati yao, na walipofika mkono wa Jackton ukafungua mlango wa nyuma wenyewe, na Selipher akaingia nyuma mwenyewe, akaikusanya nguo yake, akaketi. Mlango ukafungwa. Jackton akazunguka akashika usukani.

"Twende wapi?"

"Popote tu."

Akaendesha. Bahari ilikuwa upande mmoja, majumba upande wa pili, na katikati kulikuwa na kile kioo kidogo cha juu ambamo aliyaona macho ya mke wake yakitazama nje. Alimwonyesha msikiti mweupe uliojengwa juu ya maji. Selipher akasema ni mzuri. Alimwonyesha sanamu za mawe zilizopangwa barabarani. Selipher akasema naam. Kisha akavuta tishu moja kutoka kwenye boksi, akaikunja mara mbili, tatu, akaishika bila kuitumia. Hivi ndivyo Jackton alivyowabeba madam wote wa dunia. Miaka yote aliingoja jioni hii, na sasa anaiona kwa kioo!

Akapinda kona mpaka ukingoni kabisa, pasipo na watu wengi. Safari hii hakulielekeza gari kwenye njia ya kutokea. Alilielekeza baharini, pua yake karibu na mawe, akazima injini. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Tumefika?" Selipher akauliza, akianza kushuka.

"Hapana. Sogea."

"Nisogee?"

"Sogea huko, Mama Shirleen. Nakaa."

Akaingia, magoti yakagonga kiti cha mbele. Hakuwahi kukaa kiti cha nyuma tangu aje nchi hii, na palikuwa padogo kuliko alivyodhani. Wakakaa bega kwa bega. Mbele yao viti viwili vilikuwa vitupu, na zaidi ya viti hivyo kulikuwa na kioo kizima cha bahari, pana, inayong'aa, ikijaa na kupungua kana kwamba gari linakwenda.

"Sasa nani anaendesha?" Selipher akauliza, na ndani ya sauti kulikuwa na kitu ambacho Jackton hakukisikia kwa miezi mingi.

"Leo dereva tumempa off."

Selipher alikitazama kile kiti. Akacheka kidogo, kisha akacheka kwa nguvu, kisha kicheko kikageuka kilio, na ile tishu hatimaye ikapata kazi. Jackton alilia pia, na hakujificha. Alimshika mkono, ule wa sabuni, akaubana kifuani pake.

"Nilidhani umenisahau," akamwambia. "Ulinijibu hadhir, Selipher. Mimi, mume wako."

"Nilikujibu hivyo?" Akaufunika mdomo. "Woi, Jackton. Hata mama yangu nimemjibu hivyo."

Wakakaa. Adhana ya Magharibi ikaanza mbali, ikapokewa na nyingine, na bahari ikaenda mbele ya gari. Selipher akaanza kusema polepole, kama zamani. Akasema hapa tunapita Taif, tazama nyani mlimani. Hapa ni Nairobi, funga kioo. Jackton akamwambia kioo hicho hakishuki. Selipher akasema basi hii ni Kisumu, na ile barabara ya vumbi ni yetu, na yule mrefu aliyesimama langoni ni Shirleen, mbona amekua hivyo? Jackton akafumba macho akamwona.

"Yalla, dereva," Selipher akakiambia kiti kitupu, na kichwa chake kikalala begani pa mumewe. "Punguza mwendo. Bado hatujachoka."

Na Jackton, kwa ile sauti yake ya kazi, akamjibia yule dereva asiyekuwepo: "Hadhir, madam."